Jajuok wa Mezani: Washukiwa Wanane wa Kompyuta Isiyolala

Mama anayeuza omena jirani na saiba yangu hapa Migori ndiye aliyenishtua. "Baba," akaniambia asubuhi moja huku akinipimia gorogoro, "saa tisa usiku dirishani kwako kunawaka mwanga wa buluu. Halafu kuna kitu kinavuma. Una mgeni?"

Mgeni sikuwa naye. Nilikuwa na kompyuta mpya, zile ndogo ambazo hata mkate wa gramu 400 unazizidi, niliyoilaza kwa kidole changu mwenyewe saa nne usiku kabla ya kufunga mlango. Mama akanitazama kwa huruma. "Basi ni jajuok," akasema, akaniongezea kiganja kimoja cha omena, cha pole.

Kwa msomaji wa mbali: jajuok, huku Nyanza, ni jirani mwenye heshima zake mchana ambaye usiku huvua nguo, akakimbia uani kwa watu, akatikisa milango na kurusha changarawe juu ya mabati. Alfajiri ndiye anayekusalimia vizuri kuliko wote.

Shemeji yangu wa Homa Bay alikuwa amenunua kompyuta ya aina ileile, duka lilelile, siku ileile. Tulizibeba kwenye begi moja kutoka Nairobi hadi Rongo, tukagawana stendi, yeye akashika njia ya Rodi Kopany, mimi ya Awendo. Yangu ikakataa kulala. Yake ikakataa kuamka.

"Omera, labda roho zilibadilishana kwenye begi," akanipigia simu.

Tangu Homa Bay iandae Madaraka Dei tarehe 1 Juni 2025, shem huongea kama mtu anayeishi mji mkuu. Nikamwambia nitafanya uchunguzi mwenyewe. Hii hapa orodha ya washukiwa, tukiteremka kutoka wa nane hadi mwenye kesi.

8. Panya

Tulianza naye kwa sababu ni mdogo, na kesi nyingi nchini huanzia hapo. Saiba yangu iko kando ya barabara ya A1, na malori yaendayo Isebania yakipita, meza hutetemeka. Panya wa taa huona mtetemo, hudhani mkono umerudi, hupiga kelele: bosi amekuja!

Ukitaka kujua nani ana ruhusa ya kuamsha kompyuta yako, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /devicequery wake_armed. Yangu ilitaja panya, kibodi na kadi ya mtandao. Nikaenda kwenye orodha ya vifaa, nikamfungua panya, nikaondoa tiki kwenye ruhusa yake ya kuamsha. Kibodi nikaiachia. Anayebisha hodi kwa vidole afunguliwe; anayekuja na mtetemo wa lori asubiri kukuche.

Usiku huo mwanga ukawaka tena. Panya aliachiliwa kwa kukosa ushahidi, ila ruhusa hakurudishiwa.

7. Waya wa mtandao

Kadi ya mtandao inaweza kuamsha kompyuta iliyolala ikipokea ujumbe maalumu, ambao wataalamu waliubatiza jina la pakiti ya uchawi. Sikulitunga mimi. Ndani yake kuna baiti 6 za FF, kisha anwani ya kadi yako ikirudiwa mara 16. Mara kumi na sita! Mama mkwe huniita mara mbili tu na niko wima.

Shida ni kwamba kadi nyingi huja zimeruhusiwa kuitika hata wito mwingine wa kawaida, kwa mfano printa au kompyuta jirani ikiulizia nani yuko. Kwenye sifa za kadi, ruhusu pakiti ya uchawi peke yake, au futa ruhusa zote kama huna haja ya kuiamsha kutoka mbali. Nilifuta. Mchawi hakuwa yeye.

6. Kengele ya usiku

Hapa nilidhani nimemkamata. Windows, isipoelekezwa vingine, hupanga matengenezo yake saa nane usiku, na programu nyingine pia huweka kengele zao humo. Amri ni powercfg /waketimers, ukiwa umefungua dirisha kama msimamizi. Itakutajia nani ameweka kengele na ya saa ngapi.

"Lakini mama alisema saa tisa," nikamwambia shem.

"Labda mashine yako inafuata saa za Tanzania. Uko karibu na Sirari."

"Saa za Tanzania ni zetu, shem."

"Ndiyo sababu hukuzishuku."

Kwenye mipango ya umeme ya Windows, sehemu ya usingizi, kuna swichi ya kengele hizo. Nikazizima zote. Saa tisa, mwanga.

5. Mteja aliyeondoka bila kuaga

Huyu hakuhusika na mwanga wa usiku, lakini nilimnasa njiani. Kuna siku kompyuta hailali kabisa hata ukiiacha saa mbili, kwa sababu kuna programu inayoishika mkono. Andika powercfg /requests. Yangu ilijibu kwamba kuna sauti inatumika. Kijana aliyekuja kujaza fomu za KUCCPS za kuomba chuo alikuwa ameacha ukurasa mmoja umefichwa nyuma ya mingine saba, benga inacheza, spika zimenyamazishwa. Mashine ilikuwa kwenye dansi peke yake tangu adhuhuri.

4. Televisheni ya shemeji

"Imekataa kuamka. Skrini nyeusi."

"Taa ya kompyuta inawaka?"

"Inawaka."

"Feni?"

"Inavuma."

"Basi kompyuta iko macho, shem. Aliyelala ni televisheni."

Kompyuta hizi ndogo hazina skrini, kwa hiyo wengi huzichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Kompyuta ikilala, waya wa HDMI hunyamaza, na televisheni huona hakuna mtu na kurudi kwenye dekoda. Kompyuta ikiamka, inamhubiria mtu aliyekwisha toka kanisani. Dawa ya kwanza ni rimoti. Ikishindikana, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya picha itaanza upya bila kuzima chochote. Mkono utakaa kama wa mpiga nyatiti, lakini hufanya kazi. Tatizo likijirudia, weka draiva mpya ya picha kutoka kwa waliotengeneza prosesa, usitosheke na ile iliyokuja na boksi.

Shem alibonyeza. Picha ikarudi. Hakunishukuru, alisema ilikuwa karibu kurudi yenyewe.

3. Usingizi wenyewe

Mzee, hapa tukae kidogo, maana watu wanarudisha mashine nzima dukani kwa sababu ya jambo hili.

Mwaka 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walikubaliana kanuni moja ya namna kompyuta itakavyolala, iitwayo ACPI. Ngazi zake zina namba. S3 ndio usingizi tuliouzoea: prosesa inazimwa, feni inanyamaza, kumbukumbu ya RAM tu ndiyo inayolishwa tone la umeme. S4, ambayo mafundi huiita haibaneti, huandika kila kitu kwenye diski kisha huzima kabisa. Ukiiwasha inasoma ilipoachia. Huo ndio usingizi wa pono.

"Pono ni samaki wa Mombasa," shem akanikatiza. "Huku sema ngege."

"Ngege analala?"

"Akifika kwenye sufuria."

Halafu mwaka 2012 ilikuja Windows 8, na pamoja nayo wazo kwamba kompyuta ilale kama simu: skrini gizani, lakini ndani inaendelea kupokea barua na kunong'ona na mtandao. Hiyo ni S0, usingizi wa mang'amung'amu, jicho moja wazi. Kompyuta nyingi mpya zimejengwa kwa S0 pekee, S3 haimo tena. Mwenyewe anashika kisanduku usiku, anakuta kina joto, feni inazunguka, anasema kimeharibika. Hakijaharibika. Ndivyo kilivyofundishwa kulala.

Amri ya kujua yako iko wapi ni powercfg /a. Itakuorodheshea usingizi ilio nao na usingizi isio nao, pamoja na sababu. Ikikuambia S3 haiungwi mkono na BIOS (ile programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows), na ndani ya BIOS hakuna pa kuiwasha, usimlipe fundi anayedai ataileta kwa kubadilisha registri. Atakuachia mashine inayolala vizuri sana na isiyoamka.

2. Kuzima kusiko kuzima

Kila kompyuta ikisumbua, ushauri wa kijiwe ni uleule: zima, uwashe. Kwenye Windows, ushauri huo una kasoro tangu mwaka huohuo wa 2012. Kwa kawaida ukibofya kuzima, mfumo hufunga programu zako lakini huhifadhi kiini chake na draiva zake kwenye diski ili kesho uwake haraka. Draiva iliyochanganyikiwa jana inaamka leo ikiwa vilevile, na kinyongo chake. Kinachosafisha kweli ni kuanzisha upya. Au shikilia Shift huku ukibofya kuzima.

Wengine watakuambia uandike powercfg /h off umalize. Ni kweli, uwashaji wa haraka utakufa. Lakini haibaneti itakufa nayo, na tukifika kwa mshukiwa wa kwanza utaililia. Uzime uwashaji wa haraka peke yake, kwenye mipangilio ya kitufe cha kuwashia.

1. Stima

Baada ya wiki mbili niliandika amri ambayo ningeandika siku ya kwanza kama nisingekuwa na haraka ya kumshika panya: powercfg /lastwake, nani ameamsha mara ya mwisho? Jibu: sifuri. Hakuna aliyeiamsha.

Nikafungua daftari la matukio la Windows. Saa tisa na dakika kumi na moja, tukio namba 41, Kernel-Power: mfumo umeanza bila kuzimwa ipasavyo. Usiku uliotangulia, 41. Mwingine nyuma yake, 41. Kompyuta yangu haikuwa ikiamka. Ilikuwa ikifa na kufufuka.

Stima ilikuwa ikipotea usiku na kurudi. Laptopu ikikatikiwa na umeme ina betri. Kompyuta hizi ndogo hazina. Na RAM ni sahau kupindukia: seli zake lazima zikumbushwe kila milisekunde 64 hivi, la sivyo zinasahau. Stima ikipepesa hata sekunde chache, ulicholaza ndani kimekwenda. Kisha ndani ya BIOS kulikuwa na mpangilio mmoja, uliowekwa hivyo kutoka kiwandani: umeme ukirudi, jiwashe. Ni mzuri kwa mashine ya matangazo ukutani. Kwangu ulimaanisha mwanga wa buluu, feni, nusu saa ya kukodoa macho gizani, kisha usingizi tena, na mama wa omena akijifunika kanga.

Kwa nini ya shem haikufanya hivyo? Yuko kwenye sola na betri. Stima kwake haikatiki, kwa hiyo kosa lake lilibaki rimoti, na lingine dogo: aliiweka haibaneti kisha akawa anagonga kibodi kuiamsha. Kwenye haibaneti, matundu ya USB mara nyingi hayana umeme. Bonyeza kitufe chenyewe.

"Na nyinyi Migori mna mtambo wenu wa maji pale Gogo," akanichokoza.

Tunao, ulijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Megawati 2. Nikamkumbusha kwamba hata wakubwa huanguka: tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alidondokea transfoma ya kituo cha Gitaru kule mto Tana, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi ikakaa gizani karibu saa nne. Tumbili akapona. Fikiria ni kompyuta ngapi zilizolazwa siku hiyo hazikuamka na kumbukumbu zao.

Basi, nilichofanya. Kwenye BIOS niliiambia kompyuta ibaki imezima umeme ukirudi. Niliweka kitufe kiwe cha haibaneti badala ya kulala. Kama huoni chaguo hilo, powercfg /h on hulirudisha, ikikataa jaribu powercfg /h /type full, na uwe na gigabaiti kadhaa za nafasi kwenye diski. Inachukua sekunde chache zaidi kuamka, lakini kilichoandikwa kwenye diski hakijali tumbili.

Na ukitaka kununua ile betri ndogo ya rauta uitumie kwa kompyuta, soma kwanza kibandiko cha adapta. Nyingine zinataka volti 12, nyingine 19, na ampea lazima zitoshe. Aliyekuuzia atakuambia zote ni sawa. Zote si sawa.

Usiku wa kwanza baada ya hapo, stima ilikatika mara mbili. Niliisikia friji ikikohoa na kunyamaza. Nililala saiba makusudi, godoro chini ya meza. Kompyuta haikuwaka, taa haikumulika, feni haikuvuma. Saa tisa kasoro, changarawe zikamwagika juu ya mabati.

Nilitazama mezani. Giza tupu. Nikavuta blanketi hadi masikioni.