Jogoo Hakualikwa

Anayetaka kuhifadhi muziki wa enanga, ala ya nyuzi, unaolia ndani ya kompyuta, huku Nyakahanga, Karagwe, kama kwingineko, huisogeza simu kwenye spika, kisha hujivunia rekodi yenye enanga kidogo, jogoo na bodaboda inayopanda kilima. Sauti iliyo ndani ya kompyuta tayari ni tarakimu. Kuitoa hewani ili maikrofoni iirudishe ni kumwaga maziwa ya kibuyuni uyakinge sakafuni. Kwenye Linux, mfumo wa sauti wa PulseAudio, na sasa PipeWire, huipa kila njia ya kutolea sauti chanzo chake kiitwacho “monitor”: anza kurekodi kwa Audacity, ukichague chanzo hicho ndani ya programu ya pavucontrol, basi. Mtasema simu ni rahisi. Kweli, na kelele zake ni za bure. Mtasema huu ni wizi wa muziki. Kwani kwa simu ilikuwa sadaka? Jogoo, kwa vyovyote, hakualikwa.