Gita, Nta na Ndengu

Gita la umeme la bei rahisi likizeeka halifi. Linakaa tu kwenye kona likikuangalia, mpaka siku moja mtu mwenye akili zake timamu anajiuliza swali linaloweza kuvunja nyumba: nilitengeneze au nilitupe? Gita la bei ghali halina shida hiyo. Likiharibika linapelekwa kwa fundi, unalipa, mambo yanakwisha. Ni hili la kawaida, ambalo hata likiwa jipya lilikuwa na kasoro zake, ndilo linalowafanya watu wazima waitane kikao.

La kwetu ni la mjomba. Alilipigia solo kwenye harusi za miaka ya 1980, kutoka Emali hadi Kibwezi, bendi ikisafiri nyuma ya lori la mchanga na amplifaya ikila betri ya lori hilohilo, kwa hivyo sherehe ikinoga sana wageni walijua watasukuma lori alfajiri. Enzi hizo kila soko la Ukambani lilikuwa na vijana waliotaka kuwa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake, au Peter Mwambi wa Kyanganga Boys, na aliyetaka kutoa santuri alipanda basi hadi River Road, Nairobi, gita likiwa mapajani. Mjomba anasema alifika. Santuri yenyewe hatujaiona. Kakai alifariki mwaka 1987, na mjomba hupenda kueleza kwamba yeye aliacha muziki mwaka huohuo kwa heshima ya marehemu. Shangazi anasema aliacha kwa sababu ya deni la amplifaya.

Basi gita likapandishwa ghalani, juu ya mahindi.

Msomaji wa Makueni ameshashika kichwa. Dumuzi, mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, alitoka Amerika ya Kati, akaingia Tanzania upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akavuka akaonekana Taveta mwaka 1983, na tangu hapo amekuwa mwananchi. Watu wanamjua kwa mahindi, lakini asili yake ni mdudu wa miti. Mbao kavu kwake ni chakula cha nyumbani. Hapa kwetu Kiboko, karibu kilomita 160 kutoka Nairobi, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO ambako watafiti wamemfuga makusudi, wanampa mahindi ya kila aina waone ni yapi yatakayomshinda meno. Sisi hatukuwa na ruzuku ya utafiti. Tulimpa gita.

Nililitandaza mezani, mezani pale pale pa chakula, jambo lililopitishwa na mama watoto kwa sharti la gazeti chini. Kichwani jina limefutika, imebaki herufi moja ambayo mjomba anasema ni ya Japani na fundi wa redio anasema ni ya Taiwani. Mwili ni plaiwudi. Hilo tulilijua kwenye matundu ya dumuzi, maana unaona tabaka moja limeliwa, linalofuata limeachwa, tena moja limeliwa, kumbe hata yeye gundi hakuipenda. Sikio moja kati ya sita ya kukazia nyuzi halina kichwa, linazungushwa kwa plaisi. Ila kilichonishangaza ni freti. Zile tatu za mwanzo, ambako wanafunzi wote huanzia, ziling'aa utadhani zimetoka dukani jana. Kuanzia ya kumi na mbili kwenda chini kuelekea sumaku zilikuwa zimechimbika mitaro chini ya kila uzi mwembamba. Nikamuuliza mjomba kwa nini.

"Huko juu kuna nini?" akasema. "Huko ni kwa rithimu."

Kabla ya kikao cha uamuzi lilitakiwa lijaribiwe, na jaribio likafanyika mahali pabaya kuliko pote, yaani harambee ya karo. Hapa lazima nieleze ufundi kidogo. Pikapu ya gita ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu saba, nane hivi. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, usumaku unatikisika pia, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya na kwenda kwenye spika. Kiwanda kizuri hulowesha waya huo kwenye nta ili utulie. Kiwanda cha gita letu kilikuwa na haraka. Waya usipotulia, pikapu inageuka maikrofoni: husikia kila kinachoitikisa, hata sauti ya mtu akisema karibu.

Mjomba alikuwa amelikumbatia kifuani, limeunganishwa kwenye spika za kanisa, volyumu imefunguliwa yote. Mgeni rasmi akasimama na bahasha. Mjomba akainama juu ya nyuzi kumnong'onezea mzee mwenzake kwamba bahasha ya mheshimiwa huyu kila mwaka hujaa noti za hamsini. Spika hazikutoa sentensi nzima. Zilitoa "bahasha" na "hamsini", na hayo mawili yalitosha. Mheshimiwa aliingiza mkono mfuko wa pili. Mwenyekiti wa kamati alikuja jioni kuuliza kama gita lina nafasi Desemba.

Kwa hivyo kikao kilianza kukiwa na upande mmoja unaosema gita ni mali. Nilileta karatasi. Pikapu tatu mpya, shilingi 7,500. Masikio sita, 3,000. Volyumu, toni na swichi, 1,500. Nyuzi, 900. Kazi ya fundi, 2,000. Jumla 14,900. Gita jipya la Kichina nililoliona Nairobi lilikuwa 15,000. Nikawaambia tutaokoa shilingi mia moja.

"Na nauli?" mama watoto akauliza, akaendelea kuchambua mchele.

Nilitegemea pikapu zile zinibebe. Muuzaji mmoja wa Luthuli Avenue alikuwa amenionyesha za aina ya koili mbili, zilizobuniwa kule Gibson na Seth Lover katikati ya miaka ya 1950: koili moja inazungushwa kinyume cha nyingine, kwa hivyo ule mvumo wa stima wa hezi 50 unajifuta wenyewe kabla haujafika kwenye spika. Gita letu lenye koili mojamoja huvuma mchana kutwa, linanyamaza stima ikipotea tu. Nilimsikilizisha mjomba kwenye simu. Sauti nene, laini, yenye utajiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Mpwa wangu, solo ya Kikamba ni ya kumwamsha mtu aliye ng'ambo ya mto. Hii yako ni ya kumlaza."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Sikiliza benga ya Ukambani ya miaka ile, lile gita la juu linalokatakata bila kupumua: ni jembamba, kali, linachoma. Sehemu ya ukali huo ni mikono ya watu, sehemu ni vyombo vya bei nafuu walivyoweza kuvipata. Ukilipa gita hilo sauti ya kizungu ya shilingi 7,500 umelinunulia suti likazikwe nayo. Kikao kikaamua: kukarabati, ndiyo, kuboresha, hapana. Nilipiga kura upande ulioshindwa.

Fundi wa redio akaanza na volyumu, iliyokuwa ikikwaruza kila ukiigusa. Ana kopo lenye vipuri vya redio zilizofariki tangu uhuru, na humo akapata moja inayoingia kwenye tundu barabara. Akailehemu vizuri, bila kuunguza waya. Gita likawa linasikika kwa mbali, limezibwa, halina ukali wala utamu. Tulibadilisha nyuzi, tukabadilisha kebo, tukalaumu spika. Kumbe volyumu ya gita la koili moja hutakiwa iwe na ukinzani wa omu 250,000, na ile ya redio ilikuwa 10,000, kwa hivyo sauti yote nyembamba ilikuwa inavuja ardhini kabla ya kufika popote. Ya kweli iligharimu shilingi 250 kwa parseli ya matatu. Ile ya marehemu redio ilirudishwa kaburini.

Baada ya hapo ikabaki nta.

Wanaofanya kazi hii huchanganya nta ya mshumaa kwa wingi na ya nyuki kidogo. Lakini mshumaa unauzwa, na mjomba ana mizinga imening'inia kwenye migunga, kwa hivyo sisi tulitumia nta ya nyuki tupu. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi, na moto ukizidi sana plastiki ya pikapu inajikunja. Tukaweka sufuria ndani ya sufuria yenye maji, juu ya jiko la makaa, uani. Kipimajoto hatukuwa nacho. Mama watoto alisema maji yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni, basi, msiongeze mkaa. Mtu aliyepika chai miaka yote hiyo hahitaji kipimajoto.

Pikapu zikazama. Vipovu vidogo vikaanza kutoka kwenye waya, ishara kwamba hewa inatoka na nta inaingia. Harufu ikapanda, nzuri, ya asali ya moto, na upepo ukaichukua kuelekea kwenye migunga.

Wa kwanza alikuja mmoja, akazunguka sufuria, akaondoka. Mjomba alisema, "Huyo ameenda kuita." Wakaja. Kwa nyuki, harufu ya nta yenye masalia ya asali maana yake ni mzinga umevunjwa na kuna cha bure. Fundi wa redio alitoka mbio na chuma cha kulehemia mkononi mpaka waya wa soketi ulipomvuta akumbuke. Mama watoto aliingia jikoni na watoto na kuziba chini ya mlango kwa leso. Mimi nilijikuta ndani ya lori la mtu aliyekuwa amesimama kando ya barabara ya Mombasa kunywa chai, na dereva, mtu wa heshima sana, alipandisha vioo kabla ya kuniuliza mimi ni nani. Mjomba peke yake alibaki uani, amekaa kwenye kigoda, hatikisiki, akiwaambia nyuki kwa Kikamba kwamba nta ile ni yao na atawarudishia.

Hakuna aliyeweza kukaribia sufuria mpaka makaa yalipojifia yenyewe. Pikapu zilikuwa zimelowa muda mrefu kuliko tungethubutu. Tulipozichomoa na kuzipangusa, fundi akaziunganisha, akafungua sauti yote, akainama juu ya nyuzi na kutaja kiasi alichomdai mjomba tangu mwaka jana. Spika zikakaa kimya. Mjomba alifurahi kuliko siku ya harusi yake.

Mfupa ulikuwa rahisi. Kile kidaraja cha plastiki juu ya shingo, kinachopitisha nyuzi, kilikuwa kimepasuka, na wajuzi wote duniani wanakubaliana kwamba mfupa ni bora kuliko plastiki. Nilienda bucha nikaomba mfupa wa paja la ng'ombe, mnene, usio na ufa. Mwenye bucha alitaka kujua ni wa supu au wa nini. Nikamwambia wa gita. Akaubadilisha, akanipa wa mguu wa mbele, akasema ule wa kwanza ulikuwa wa ng'ombe mvivu. Nyumbani mama watoto aliuona mezani, akaupika. Tulikunywa supu, watoto wakanyonya uboho, na mfupa ukatoka mweupe umeachana na mafuta yote, jambo ambalo ndilo la kwanza kufanywa kabla ya kuukata kwa msumeno wa chuma na kuupiga tupa.

Hapo gita likawa gita. Nyuzi mpya, sikio la plaisi tumeliacha kwa sababu mjomba amelizoea, freti zimesawazishwa, mvumo upo kidogo. Nikipiga mimi linasikika vibaya, akipiga mjomba mbwa wa jirani husimama.

Ila kila asubuhi tulikuta unga mwembamba chini yake. Dumuzi hawakuwa wamehama.

Nilienda duka la pembejeo. Kuna mifuko isiyopitisha hewa, plastiki mbili ndani ya gunia. Unajaza nafaka, unabana hewa yote itoke, unafunga kwa kamba, na wadudu wanakufa kwa kukosa oksijeni bila dawa yoyote. Kijana wa duka aliniuliza nina magunia mangapi. Nikamwambia ni gita moja. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kitaalamu kabisa, "Limekauka? Unyevu usizidi asilimia 13.5."

Gita linaingia lote, mpaka kichwa, na juu kunabaki nafasi ya kufunga. Tatizo ni hewa. Mfuko ukiwa na nafasi tupu nyingi, hewa iliyobaki inawatosha wadudu kuishi siku nyingi mno, na gita lina mikunjo kila mahali. Mama watoto ndiye aliyepata dawa. Alileta ndengu za msimu, akazimimina kuzunguka shingo, chini ya nyuzi, kila pembe, mpaka gita likazama na mfuko ukasimama wima, kisha akaufunga mwenyewe, mafundo mawili.

Juzi mjomba alipigiwa simu. Kuna harusi Makindu Jumamosi, wanataka solo ya zamani, na malipo ni mazuri. Alikuja na boksi la gita tayari mkononi. Mama watoto alimkaribisha, akamwekea chai, akamweleza kwa adabu zote kwamba ndengu sasa hivi bei yake ni ya kutupa na mfuko huo haufunguliwi mpaka ipande.