Mia Mbili ya Karume

Jana jioni, mbele ya mama mwenye nyumba na wapangaji wenzangu watatu, mtoto wa darasa la pili aliingiza mkono kwenye mashine yangu ya kufulia, akautoa, akaniuliza kwa adabu zote: "Anko, hii mia mbili ni yako?"

Nilikuwa nimeifungua mashine hiyo kwa siku tatu.

Ni zile za matangi mawili: kushoto unafua, kulia draya inakamua. Jumamosi draya ilianza kulia kama debe la kokoto lililofungwa nyuma ya bodaboda. Mke wangu akasema tumwite fundi. Nikamjibu kwamba fundi ni mtu kama mimi. (Tangu jana ananirudishia kauli hiyo neno kwa neno.)

Nikafungua skrubu za mgongoni, nikachungulia, na nakiri hapo ndipo nilipopotea. Draya tunasema inakausha, lakini moto haina hata chembe. Kazi yake ni mbio tu. Pipa lenye matundu huzunguka kama mara 1,300 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 20 kila sekunde. Nguo hubanwa ukutani, maji yakiona tundu hayaagi. Chini, mota imekalishwa juu ya springi tatu, ili mzigo ukiegemea upande mmoja pipa liyumbeyumbe badala ya kuibeba nyumba. Na ile breki! Waya mwembamba umetoka kwenye kifuniko. Ukikiinua, umeme unakatika na breki inabana gurudumu, sawasawa na baiskeli. Nilikiinua na kukishusha kama mara thelathini. Mke wangu alidhani natengeneza.

Hukumu yangu: springi. Nikaenda Kariakoo, nikanunua tatu, nikafunga. Kokoto zikaongezeka.

Nikashuku bea. Bea ilikuwa nzima.

Nikagusa kapasita. Mashine haikuwa kwenye umeme, ila kapasita yenyewe ilikuwa imejiwekea akiba. Tuishie hapo.

Nikaenda duka lililoniuzia. Gerentii, wakasema, ilikufa nilipogusa skrubu ya kwanza. Je, spea? Kijana akacheka: "Bosi, hizi hatuleti spea. Chukua mpya." Mimi sikucheka. Mashine ile niliilipia kwa mafungu, miezi mitano. Kumbe ingekufa raba moja ya elfu mbili, ningetakiwa nitupe mota nzima, pipa zima na tangi zima, kwa kuwa aliyeziingiza nchini haoni faida kwenye raba. Wanaoziokoa ni vijana wanaochuna spea kwenye mashine zilizokufa, wamekaa juani, na hao hao ndio tunaowaita wababaishaji.

Basi, sarafu. Kati ya pipa na tangi kuna upenyo wa vidole viwili. Mtu akijaza nguo hadi mdomoni bila kuweka kile kifuniko cha ndani, kilichomo mfukoni huruka ukingo na kuzama. Suruali ilikuwa yangu, na mjazaji pia alikuwa mimi. Simba wa upande mmoja walikuwa wamekwaruzika vibaya. Mzee Karume, upande wa pili, alikuwa ananitazama.

"Naweza kuichukua, Anko?"

"Chukua."

Draya ikazunguka kimya. Mama mwenye nyumba akaitazama, akatazama skrubu mbili zilizobaki mkononi mwangu, akasema, "Kumbe haikuwa imeharibika."