Naomba Muhogo Wetu Uandikishwe Kuwa Madini

Kwa: Wizara ya Maliasili na Utalii, Dodoma

Yah: Ombi la kupima mipaka ya hifadhi kwa kamba moja

Wizara yetu tukufu,

Naandika kutoka Kitangari, huku juu kwa Wamakonde, kuwapongeza kwa ufundi wenu wa kuumba mipaka. Mpaka wa hifadhi katika nchi yetu una akili: mkulima akiugusa unauma, mgodi ukiugusa unasogea. Pori la Akiba la Selous liliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na kwa miaka 30 mpaka wake ulisimama kwa heshima. Urani ilipoonekana Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mpaka ukapisha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ilikuwa imekwisha kuacha mlango wazi kwa mafuta, gesi na urani ndani ya mapori ya akiba, na mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia, ikikutana Saint Petersburg, ikaridhia ombi la Serikali la kumega karibu kilomita za mraba 200. Jambo hilo likaitwa marekebisho madogo ya mpaka. Julai 2025 kikazinduliwa huko kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani.

Sasa tazameni mpaka unavyomtendea mwenye jembe. Kanuni za Kifuta Machozi na Kifuta Jasho za 2011 ziliweka kwamba shamba lililoliwa na tembo ndani ya nusu kilomita kutoka mpaka wa hifadhi halina haki ya hata senti. Kadiri shamba lilivyokuwa mbali ndivyo kifuta jasho kilivyopanda, hadi shilingi 100,000 kwa ekari kwa aliye zaidi ya kilomita tano, na hesabu ikakomea ekari tano. Aliyeuawa na mnyama, ndugu zake walifutwa machozi kwa shilingi milioni moja. Mantiki yake inaeleweka: anayeyasogelea makazi ya wanyama abebe hasara yake. Ila mgodi haukusogea karibu, uliingia ndani, na badala ya kubebeshwa hasara ukapewa leseni. Kwa hiyo naomba rasmi muhogo, mbaazi na korosho zetu ziandikishwe kuwa madini. Zikishakuwa madini, zamu ya kufanyiwa marekebisho madogo itakuwa ya tembo.

Mtajibu kwamba eneo lililomegwa halifiki asilimia moja ya Selous. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba mlango ni sehemu ndogo ya nyumba. Mkuju uko upande wa kusini, ambako tembo hushika njia ya kwenda Niassa, Msumbiji, kupitia Namtumbo na Tunduru. Upande wetu wa mashariki ipo njia nyingine, inayopita Liwale, Nachingwea na Masasi hadi pori la Lukwika-Lumesule na Mto Ruvuma. Tembo aliyezibiwa njia haandiki barua kama hii. Hutafuta pengine pa kupita, na pengine hapo ni shambani kwa mtu. Tena barabara ya porini haichagui abiria. Selous ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 1976, ikabaki na kama 13,000 mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mgodi haukuwaua, waliuawa na majangili. Lakini kila njia mpya porini jangili huitumia bila kuchangia hata lita moja ya dizeli.

Mtajibu pia kwamba nchi inahitaji fedha, na kwamba watu wa Mtwara, ambao bomba la gesi yao lilizinduliwa mwaka 2015 kuelekea Dar es Salaam, hawaishi kulalamika. Fedha tunazihitaji kuliko mnavyodhani. Na bomba likishafukiwa vizuri, tembo hupita juu yake bila kujua. Hatari iko wakati wa ujenzi, mtaro ukiwa wazi, na baada yake, barabara ya muda inapogeuka ya kudumu. Dawa zake zinajulikana: mtaro uchimbwe kwa vipande vifupi na kufukiwa mapema, vivuko viachwe, kazi isimame msimu wa wanyama kuhama, barabara zifungwe mradi ukiisha. Kanuni za shoroba mnazo tangu 2018. Basi ushoroba utangazwe kabla ya leseni, si baada ya malalamiko.

Ombi langu, kwa hiyo, ni kamba moja. Ikiwa mkulima hukatwa kifuta jasho kwa kuwa karibu na mpaka, mgodi na bomba navyo vilipie ukaribu wao, na fedha hiyo iende kwenye vijiji vilivyo katika njia za tembo. Mkisema hiyo ni gharama kubwa kwa mwekezaji, mtakuwa mmekiri kwamba gharama ipo. Itabaki mtueleze kwa nini mlipaji aendelee kuwa mwenye ekari mbili za muhogo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Kitangari, Newala