Gari Lataka Upepo

Sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8. Likishafika Ukunda, linaruhusiwa kuzeeka litakavyo. Fundi hutikisa gurudumu la mbele, hutikisa kichwa, kisha hutaja ukoo mzima: boljointi, bushi, tairodi, shokabsoba. Mwenye gari, tajiri wa maneno, hununua boljointi ya upande mmoja. Upande wa pili usubiri watalii wa Disemba. Halafu hukimbilia alainimenti ya kompyuta, juu ya bushi zilizokwisha kitambo, apewe karatasi ya kuthibitisha kuwa gari limepinda kitaalamu.

Njia ya Msambweni, usukani wakataa.

“Fundi, mbona bado lavuta kushoto?”

“Mzee, si ndiko iliko bahari? Lataka upepo.”