Sifa za Uzi Usiofika Ukingoni

Msusi wa kiondo hakosi washauri, na ushauri wao ni ule ule: nunua uzi wa kutosha kabla hujaanza. Wasusi wa Kitui na Makueni, kule Ukambani, huusikiliza kwa adabu, kisha huanza na walichonacho. Mimi nasimama upande wa uzi uliopungua, ule unaokwisha vidole viwili chini ya ukingo, jioni, duka likiwa limeshafungwa. Umetukanwa vya kutosha. Bila huo kiondo cha Ukambani kingekuwa gunia lenye mkanda.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoushtaki. Kiondo huanzia katikati ya kitako, kikazunguka na kupanuka. Mizunguko ya mwanzo haili kitu. Msusi hutazama kitako kilichokamilika, akapima uzi uliobaki, akajiona tajiri. Kumbe kitako chenye upana maradufu hula uzi mara nne, na kila mzunguko wa ukutani una urefu wa ule mkubwa kuliko yote ya kitakoni, au zaidi. Tena nyuzi zinazosuka ni mbili, zinazopishana kila zinapokutana na uzi wa wima. Anayeyakadiria hayo yote kwa jicho amekosea kazi, angekuwa mhasibu. Na akiba itoke wapi? Uzi hutoka kwenye mkonge, na katika kilo 100 za majani yake hupatikana kama kilo 4 tu za katani, na hizo bado hazijasokotwa pajani. Mkonge wenyewe ulitufikia kwa kupungua: kati ya miche 1,000 ambayo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliiagiza kutoka Florida kwa ajili ya Tanganyika, iliyobaki hai mwaka 1893 ilikuwa 62. Kabla ya mkonge wasusi walichuna magome ya mbuyu, na sijui ni nani angeuagiza mbuyu utoe nyuzi za kutosha kwa kiondo kimoja na za ziada.

Sasa tazama upungufu unavyofanya kazi. Tuseme uzi ulitiwa rangi nyekundu, na nyekundu ya kwanza imekwisha. Ya pili, iliyochemshwa siku nyingine kwa maji mengine (na visima vingi vya Kitui vina chumvi), haitafanana nayo. Tofauti ndogo huonekana kosa. Msusi mwenye akili huikuza: anachukua sweta la mitumba lililofumuliwa, anazungusha zambarau mara tatu, kisha anarudi kwenye nyekundu yake mpya kana kwamba ndivyo alivyokusudia tangu kitakoni. Mnunuzi huuita huo ubunifu na kuulipia. Sioni sababu ya kumsahihisha.

Yupo atakayesema kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba, kwamba mwanamke anayeishiwa uzi hupoteza siku ya kazi akitembea juani. Hoja hiyo ina uzito, wala siibezi. Lakini mara nyingi haendi dukani. Huenda kwa jirani wa mwethya, kikundi chake cha kusaidiana, kukopa konzi ya nyuzi, na mwezi ujao jirani atakuja kwake. Mikopo hiyo midogo isiyoandikwa popote huwaunganisha wanachama kuliko katiba ya kikundi pamoja na mhuri wake. Wangetoshelezwa wote, wangekutana tu siku ya kugawana faida, na siku hiyo si nzuri kwa urafiki.

Msafirishaji naye ana lake: anataka vyondo mia vinavyofanana. Alishavipata. Vyondo vilipopendwa Marekani na Ulaya miaka ya 1980, viwanda vya Asia viliviiga na kuvitoa kwa maelfu, bei chini, rangi moja toka kitako hadi ukingo. Mashine haiishiwi uzi. Ndiyo maana anayetaka kujua kama kiondo alichoshika kimetoka Ukambani hufanya vyema kukigeuzageuza karibu na ukingo, akitafuta ile zambarau isiyo na maelezo.