Namna ya Kuunguza Akaunti ya Dhahabu kwa Kumnakili Bingwa

Ukitaka kupoteza akiba yako upesi, bila hata kujifunza kusoma chati, anza kwa kuchagua bingwa wa kumnakili, yaani mtu anayefanya biashara ya dhahabu mtandaoni, ambaye kila oda anayofungua inafunguliwa pia kwenye akaunti yako. Panga majina ya mabingwa kwa faida ya mwezi uliopita, kisha mshike wa juu kabisa. Usiulize akaunti yake iliwahi kushuka kiasi gani. Swali hilo lingekuokoa, kwa hiyo liruke.

Wako wanaofika kileleni kwa njia moja tu: bei ikiwageuka hawafungi hasara, wanafungua oda nyingine kubwa maradufu na kungoja irudi. Dhahabu hurudi mara nyingi, ndiyo maana mstari wao wa faida umenyooka hivyo. Siku isiporudi, akaunti ya bingwa inakwenda na zote zilizoungwa nayo.

Sasa weka dola 200, na umwombe broka mkopo wa 1 kwa 500, yaani kila dola yako ishike dhahabu ya dola 500. Hapa usiharakishe, maana ndipo pesa inapokufia. Loti moja ya dhahabu ni aunsi 100. Ukinakili kwa loti 0.1, umeshika aunsi 10. Bei ikienda kinyume chako kwa dola 20 tu, dola zako 200 zimekwisha. Bingwa mwenye dola 20,000 anaivumilia hasara hiyo hiyo, wewe unakatwa. Na Aprili 15, 2013, dhahabu ilianguka kwa zaidi ya dola 100 kwa siku moja. Mwenye kipande kabatini aliumia, ila alibaki nacho, na kama alisubiri aliiona aunsi ikivuka dola 4,000 Oktoba 2025. Mwenye loti za mkopo hakuwa na cha kusubiri nacho.

Usichunguze pia bingwa analipwa na nani. Akikuandikisha kwa broka kupitia kiungo chake, anaweza kuvuna kamisheni kwa kila oda unayofungua, ushinde au ushindwe.

Ukiwa Nairobi, usiangalie kama broka ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Na uwakwepe mabroka wa Ulaya: mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya huko, ESMA, ilieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika mikataba ya kubashiri bei kwa mkopo kama hii (CFD) hupoteza pesa, ikapiga marufuku kuwapa mkopo unaozidi 1 kwa 20 kwenye dhahabu.

Njia hiyo haishindwi, na inanikera kuona watu wakiifuata kwa pesa za kikoba na ada za watoto. Nakusihi, ndugu msomaji: kabla ya kumnakili mtu yeyote, dai rekodi ya akaunti yake halisi, ya miaka kadhaa, na hasara zake zote zikiwemo. Akikuonyesha picha za faida peke yake, usimpe hata dola moja.